Mume Wangu Aliondoka na Isale Mkononi

Nina miaka arobaini na mbili, ni mama wa watoto watatu, na ninaishi mteremkoni mwa Mlima Meru, juu kabisa ya Arusha. Nikiulizwa kama nina mume sijui nijibu nini. Si mjane, maana sijazika mtu. Wala si mke wa mtu, maana kitandani kwangu nalala peke yangu mwaka wa nne sasa. Naomba mnisikilize, ndugu zangu wasomaji... pengine mmoja wenu atanisaidia mkifika mwisho.

Mume wangu anaitwa Aminieli. Nilipoolewa naye alikuwa amerudi kutoka vita vya Kagera, vile vita tulivyoingia baada ya nduli wa Uganda kuvamia ardhi yetu. Alikuwa katika kikosi cha mizinga. Hakubeba bunduki kumkabili adui kama wengine. Yeye na wenzake walikuwa kwenye malori yaliyobeba mabomba mengi ya kurushia makombora, vitu vilivyoletwa kutoka Urusi.

Alirudi na sanduku moja tupu la mbao, lililowahi kuwekewa makombora hayo. Lilikuwa na maandishi ya Kirusi ubavuni, na katika ukoo mzima hakuna aliyeweza kuyasoma. Tuliweka humo nguo za watoto. Naomi, binti yetu wa kwanza, alijifunza kusimama kwa kulishika sanduku hilo.

Sikio la kushoto la Aminieli lilikuwa limekufa. Ukitaka akusikie unakwenda upande wa kulia. Hilo halikunisumbua, nani asiye na kasoro? Kilichonitesa ni kwamba usiku alikuwa halali! Mwanamume mzima anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza siri yake. Kwetu, mwanamume akirudi vitani hupokewa na wazee kabla hajala chungu kimoja na watu wa nyumbani. Huulizwa kama ameua. Akisema ndiyo, hutaja ni nani au ni mtu wa namna gani, kisha mbuzi huchinjwa na anaoshwa. Basi wazee walimuuliza Aminieli. Akajibu, "Sijui."

Wakamuuliza tena. Akasema walikuwa wanarusha tu, makombora yanapita juu ya kilima na kuangukia ng'ambo ya mto, na moshi unaonekana mbali. Hakuwahi kumwona mtu. Aliona migomba tu, migomba na mibuni kama ya kwetu, inawaka.

Wazee walitazamana. Wakasema hawajui namna ya kumwosha mtu damu ya asiyejulikana! Mchungaji alimwombea kanisani, akampa mkono, yakaisha kwa watu wote isipokuwa kwake.

Tuliishi hivyo miaka. Kisha ukaja wakati wa ruksa, kila mtu akawa mfanyabiashara. Mjini maghorofa yakaanza kuota, na chini ya kijiji chetu kukafunguliwa machimbo ya mawe. Siku ya kwanza walipolipua baruti, mume wangu alikuwa anapunguza matawi ya kahawa. Nilimkuta amelala kifudifudi chini ya mbuni, amekumbatia shina, anatetemeka. Watoto wa jirani walicheka. Mimi nililia!

Ndipo Sifaeli alipokuja.

Sifaeli ni mtoto wa mlima huu huu, kata ya pili tu kutoka kwetu. Walikuwa lori moja vitani, wakila sahani moja. Sasa alikuwa amehamia mjini, Sombetini, ana pikapu, ananunua kahawa huku na kuuza mitumba kule. Alikuja na mkate na sukari, akamwamkia mama mkwe shikamoo kwa kupiga magoti, akaniita shemeji kwa sauti tamu. Nilimpenda siku ile ile. Kweli kikulacho ki nguoni mwako!

Alikaa na mume wangu upande wa kulia, akamweleza kwamba biashara ilimfikisha Kagera. Huko amekutana na mzee mmoja. Mzee huyo alikuwa amejificha migombani na familia yake wakati adui ameshika eneo lao. Makombora ya jeshi letu yakaangukia hapo. Mjukuu wake wa kike alikufa. Aliitwa Koku.

Nilidhani mume wangu ataanguka. Badala yake alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akauliza huyo mtoto alikuwa na umri gani, na alikuwa akipenda nini. Sifaeli akajibu yote! Akasema alikuwa ndio anaota upya meno ya mbele, na kwamba alipenda kufuatana na babu yake kunywesha ng'ombe. Mtu anatoa wapi maneno kama hayo? Mpaka leo najiuliza.

Basi mume wangu akaamua kuomba msamaha kwa desturi yetu. Wanaotoka huku wanalijua jani la isale, lile refu la kijani tunalopanda mipakani. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo na kumpelekea, na akilipokea hawezi tena kukukataa. Lakini hulipeleki mwenyewe. Anakwenda mtu wa kati, anayeheshimika pande zote mbili. Na kosa likiwa la damu, jani hufuatana na ng'ombe.

Mtu wa kati angekuwa nani, kama si Sifaeli?

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nilimpa jina la Furaha, pembe yake moja ilikuwa imepinda kuelekea jichoni. Nilimkatia majani kwa mikono yangu kila siku, na maziwa yake ndiyo yaliyowavalisha watoto sare za shule. Aminieli alimfunga isale shingoni, akamkabidhi kwa Sifaeli. Nilisimama getini nikamtazama Furaha akipandishwa pikapu. Ni damu ya mtoto, ningesema nini?

Sifaeli aliporudi alisema yule mzee amelipokea jani kwa mikono miwili, akalia, akasema yamekwisha.

Na mume wangu akalala, jamani! Alilala mpaka jua likawa juu, tukakaa kimya nyumba nzima tusimwamshe. Akaanza kucheka. Akaanza kuimba kwaya. Machimbo yakilipua, anashtuka kidogo tu na kuendelea na kazi. Nilipojifungua binti yetu wa mwisho alimbeba, akasema huyu ataitwa Koku. Watu wakashangaa, jina la Kihaya kwa mtoto wa Kimeru? Yeye akasema yule hakukua, basi huyu akue kwa niaba yake.

Sifaeli hakuacha kuja. Mara mzee wa Kagera ameezuliwa paa na upepo, mara bibi anaumwa. Msimu ukifika, kahawa yetu inapakiwa, inakwenda. Naomi akaacha shule, akaenda kusaidia kuuza ndizi Tengeru. Nilinung'unika chumbani, lakini nikimtazama mume wangu amelala, mdomo wazi kama mtoto, manung'uniko yananiisha.

Sasa sikilizeni nilivyouona ukweli.

Mpwa wangu alijifungua, yuko Sombetini. Nikashuka na ndizi za kumpikia mtori, supu ya mzazi. Wakati natafuta nyumba yake kwenye vile vichochoro nikasikia ng'ombe nyuma ya uzio wa mabanzi. Nani asiyeijua sauti ya ng'ombe wake? Nikaita, "Furaha!" Akaitika. Nikaita tena, akaja mpaka kwenye mabanzi, akapitisha pua. Pembe ile ile, imepinda vile vile...

Akatoka mama mmoja mpole, amejifunga kanga. Nilimuuliza ng'ombe huyu ametoka wapi, nikijifanya nataka kununua ndama. Akanijibu bila hila yoyote.

"Huyu, mume wangu alipewa na rafiki yake huko mlimani. Walikuwa wote vitani."

Nikamuuliza kama alikuja na kitu shingoni. Akacheka.

"Eee, lile jani! Mbuzi wa jirani alilila siku ile ile."

Alikuwa mke wa Sifaeli. Hakujua lolote, maskini. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi na ndizi zangu.

Sifaeli alipofika nilimrukia! Nilimwambia kila neno ambalo mwanamke Mlutheri hapaswi kulijua. Majirani wakajaa. Yeye hakukana. Alisubiri nimalize, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, wazee walishindwa. Mchungaji alishindwa. Na wewe ulishindwa. Mimi nilimpa usingizi. Ulitaka nimpe bure?"

Kisha akaongeza, macho yake kwenye mlango wa banda, "Mimi nilikuwa lori lile lile. Unafikiri mimi nalala?"

Sikumhurumia. Simhurumii mpaka leo. Lakini uso wake ule unanijia nikiwa napalilia.

Nilipanda mlima mbio. Ndugu zangu, niliamini nampelekea mume wangu habari njema! Nilimkuta chini ya mibuni, nikaenda upande wake wa kulia, nikamweleza yote, nikamalizia kwa furaha: hakuna mtoto aliyekufa! Sifaeli alitunga! Ng'ombe wetu yuko hai, nimemgusa pua, tutamdai kwa mwenyekiti wa kijiji!

Aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo Koku hayupo?"

"Hayupo, Baba Naomi. Hakuna mtu aliyekufa!"

Alinitazama kama nimesema upuuzi.

"Wapo, Mama Naomi. Ila sasa sijui majina yao."

Furaha alirudishwa, wazee wa ukoo walimfuata wenyewe. Lakini mume wangu hakurudi. Alikuwa hapo, anakula, anakata majani, lakini akaanza tena kukaa ukingoni mwa kitanda. Safari hii ikawa mbaya zaidi. Alifungua lile sanduku, akazitoa nguo zote, akawa anapitisha kidole juu ya yale maandishi ya Kirusi kama mtu anayetafuta jina. Alikuwa akimwita Koku wetu, mtoto anakimbilia kwake, yeye anamtazama na kugeuza uso. Mtoto wa miaka mitatu ataelewa nini? Alikuwa akisimama mlangoni, ananyonya kidole.

Asubuhi moja aling'oa isale changa mpakani, na mizizi yake. Akaipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaimwagilia. Nikamuuliza anaipeleka wapi. Akasema kosa lilikuwa kumtuma mtu. Akasema atakwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mgomba kwa mgomba, mpaka apate mlango wa mtu aliyepotelewa.

Nilimlilia. Nilimshika koti. Mama mkwe alijilaza kizingitini, mzee yule! Aminieli alimruka mama yake kwa adabu, akamwomba radhi, akateremka na kopo lake mkononi. Hakugeuka. Nilimwita, lakini nilikuwa upande wake wa kushoto.

Dereva mmoja wa lori alituambia alimwona njia ya Bukoba. Mwingine akasema kuna mwanamume anazunguka huko na mmea kwenye kopo, watu wanamwona kichaa, watoto wanamfuata. Tangu hapo, kimya. Kaka zake walikwenda kumtafuta, wakarudi mikono mitupu.

Sasa ukoo unataka tuzike mgomba badala ya mwili wake, kama ifanywavyo kwa aliyepotea, ili matanga yaishe na watu wapate kusahau. Wamenitaka nitoe neno langu. Nimekataa. Naomi ananiambia mama, kubali tupumzike. Na Koku, ambaye sasa anajua kusoma, ameniuliza jina lake ni la nani. Nimjibu nini? Nimwambie ana jina la mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa?

Wenzangu, mkiwa na mwanamume aliyerudi vitani, msikubali jibu la "sijui" liishie hapo. Msiwaachie wazee, wala mchungaji, wala mwenzake wa kikosi. Kaeni naye upande anaosikia, mumlilie wale asiowajua, hivyo hivyo bila majina. Mimi sikufanya hivyo. Nilinyamaza kwa sababu amelala, kisha nikamwamsha bila kuwa na kitu kingine cha kumpa. Na msimtume mtu akawaombee msamaha.

Nanyi mnaoishi ng'ambo ya mto Kagera, nawapigia magoti. Akija mlangoni kwenu mwanamume mrefu, asiyesikia sikio la kushoto, ameshika jani la kijani ndani ya kopo, msimfukuze. Msimuulize anatafuta nani. Hata kama kwenu hakufa mtu, hata kama mlihamia juzi, pokeeni tu kwa mikono miwili. Zungukeni upande wa kulia, mwambieni yamekwisha, arudi nyumbani.