Picha Ishirini na Nne, Kioo cha Sitini

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa na punguzo, watu wamebanana hadi mlangoni. Dada mmoja wa gauni la kijani na raba nyeupe akadaka waya wa mwisho wa televisheni. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa kaka mwenye suruali ya mifuko mingi.

"Kaka, achia. Niliuona kwanza."

"Kuona si kushika, mrembo."

"Mrembo mama yako!"

"Hilo sibishi. Ndiye aliyenifundisha nisiachie kitu kizuri."

Dada akacheka, ndipo mapenzi yakaanza. Dada alikuwa mhariri wa filamu, kaka fundi wa kufunga sinema za majumbani. Haukupita muda wakawa chanda na pete.

Mhariri alipomaliza filamu yake ya kwanza, Fundi akajitolea kufunga kompyuta na televisheni kubwa sebuleni kwa baba wa mpenzi wake. Mzee huyo, mwalimu mstaafu, hakuwahi kuiita kazi ya bintiye kazi. Binti alitaka aione, basi.

Siku ya kuionyesha, kamera ilipopita taratibu juu ya mapaa ya mji, picha ikaanza kushtukashtuka. Shangazi yake, aliyealikwa kuitazama, akaangua kicheko. Baba akavua miwani.

"Ndiyo hii unayoikeshea?"

Wote wakamgeukia Fundi. Na bwana huyo, aliyekuwa akimwita binti wa watu "roho yangu" asubuhi na jioni, akajibu, "Mashine yangu ni nzima, mzee. Labda uhariri." Kisha akakusanya zana zake akaondoka.

Labda! Mtu akuuze mbele ya baba yako, tena bila kuulizwa mara mbili!

Kesho yake kazini, Mhariri aliitazama tena filamu ile. Ikateleza vizuri kabisa. Fundi alipopiga simu, alimkuta anachemka.

"Mpenzi, bado umenuna?"

"Kununa ni kwa watoto. Mimi nina hasira. Kile kioo umekipangia kionyeshe mara ngapi kwa sekunde?"

"Sitini. Wateja wangu wote wa mpira nawawekea hiyo."

"Filamu yangu ina picha ishirini na nne kwa sekunde. Hebu gawa."

Fundi akapiga hesabu kichwani.

"Mbili na nusu. Haigawanyiki sawasawa," akanong'ona.

"Ndiyo hivyo! Picha moja inakaa mara mbili, inayofuata mara tatu, lazima ichechemee. Na mimi ungeniuliza tu!"

Akakata simu.

Jumapili Fundi alibisha hodi, shati limepigwa pasi, jasho linamtoka. Aliwaamkia baba na shangazi, akainama kwenye kompyuta, akakishusha kioo hadi ishirini na nne. Mapaa yakapita bila kushtuka.

"Baba, kosa lilikuwa langu. Niliogopa aibu, nikamtupia binti yako."

Mzee akavaa miwani.

"Hebu rudisha nyuma. Nataka kuyaona tena hayo mapaa."

Machozi yakamtoka Mhariri. Fundi akaona mlango wa msamaha umefunguka.

"Roho yangu, nikuoe?"

"Mbele ya hawa hawa ulionikana mbele yao?"

"Mbele ya hawa hawa."

"Keti. Siku ile uliondoka filamu haijafika hata nusu. Iangalie mpaka mwisho, ndiyo nikujibu."

Fundi akaketi. Mhariri akakaa kando yake, kaweka mto katikati, bado kavimba. Haikupita dakika, Fundi akamsogelea.

"Mpenzi, lakini hilo jibu..."

"Kijana, nyamaza," Baba akamkemea bila kugeuka. "Naangalia kazi ya mwanangu."