Umeme wa Upande Mmoja

"Daktari, ile mashine ya zamani bado mnayo?"

Daktari aliacha kuandika. Jamaa za wagonjwa wote walikuwa wakimlilia mashine mpya, na huyu mke wa kinyozi anaulizia ile kuukuu.

"Ya zamani ya nini, mama?"

"Nasikia ilikuwa inafuta mambo kichwani."

Akamweleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza, misuli ikalegezwa kwa dawa, kisha umeme ukapitishwa kidogo tu, upande mmoja wa kichwa, ndiyo maana kumbukumbu nyingi hubaki. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kando, alishukuru mpaka sauti ikamkauka. Mwanawe, ambaye wateja humwita Makasi, alikuwa ameugua huzuni hata akawa hali, hasemi, kazi yake kutazama ukuta.

Mke hakushukuru. Mawazo yake yalikuwa kwenye meseji aliyomtumia mumewe kabla hajakatika kauli:

"Nimechoka na kununa kwako. Kuanzia leo mimi si mkeo. Usinitafute."

Hakujua kwamba kule kununa ndio ugonjwa wenyewe. Alipojua alirudi mbio, na mama mkwe hakuambiwa kitu.

Makasi akaanza kutibiwa. Baada ya mara chache akawa anakunywa chai mwenyewe, akawa anajibu. Kila akizinduka, muuguzi humuuliza maswali yale yale ya kupima kumbukumbu. Zikionekana kupotea, matibabu husimamishwa. Asubuhi hiyo jina lake alilitaja, hospitali akaijua, na mama yake akamtambua, akamtania kwamba kazeeka ghafla.

"Na huyu ni nani?"

Makasi akamtazama mkewe, akarudia kumtazama.

"Alikuwa mke wangu."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Hapa kapotea. Itabidi daktari asimamishe kwanza."

Mama mkwe akaanza kulia. Mke angeweza kunyamaza, aibu yake ikafunikwa humo humo. Lakini kusimamisha ni kumrudisha mtu kwenye ukuta wake.

"Hajapotea, sista. Nilimwacha, tena kwa meseji. Anakumbuka kuliko nilivyotaka."

Kilio cha mama mkwe kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Ulitaka nisahau?" Makasi akauliza.

"Nilitaka."

"Si ungeniambia? Ningejifanya nimesahau."

Makasi akafikiri kidogo, kichwa bado kizito kwa dawa.

"Sista, niulize tena."

"Huyu ni nani?"

"Mchumba wangu," akasema. "Mama bado sijamwambia."