Pengo Kwenye Rafu ya Mikataba

Pengo halikuzibika. Mkutubi alivisukuma vitabu vya sheria ya mikataba vikabanana, akarudi mezani kwake, na alipoinua macho pengo lilikuwa palepale, upana wa kitabu kimoja kinene, na ndani yake giza. Akasukuma tena. Likarudi. Wanafunzi wapya, waliokuja kufundishwa namna ya kutafuta vitabu, wakacheka wakidhani rafu imepinda.

"Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni heri kingeibwa," mkutubi aliwaambia. "Kilichoibwa angalau tunajua hakipo." Walimwita Mama Kimya, maana hilo ndilo neno alilolisema kuliko yote.

Wakili peke yake hakucheka. Uwakili wenyewe alikuwa bado hajaupata, ndiyo kwanza yuko mwaka wa pili, ila mama yake alimpa jina hilo utotoni kwa ubishi wake na chuoni nako likamganda. Yeye ndiye aliyekitoa kitabu kile.

Idara ilikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi wa kuiwakilisha kwenye mashindano ya mahakama ya mfano. Waliobaki kuigombea ni yeye na Chiriku, mwenzake wa chumbani, msichana wa maneno mengi na, tuseme ukweli, akili nyingi kumzidi. Kitabu chenyewe maktaba ilikuwa na nakala moja tu. Wakili alikisoma akamaliza, kisha akakichomeka ghorofa ya chini, nyuma ya vitabu vya ufugaji wa kuku, ambako mwanasheria hana shughuli. Si wizi, alijiambia; kitabu hakijatoka maktaba. Mwanafunzi wa sheria hakosi cha kujitetea.

Siku zile hata mama yake, fundi cherehani, Wakili alikuwa akimkatia simu. Mama hakununa.

"Haya, Wakili wangu. Kiti chako hapa kando ya cherehani kiko wazi, simruhusu mtu kukikalia. Utakuja lini?"

"Mashindano yakiisha, mama."

Mambo yalianza kwa harufu. Ukikaa karibu na rafu ile ulisikia udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi. Halafu pumzi, nzito, ya mtu aliyelala. Wanafunzi wakahamisha viti bila kusema kwa nini. Chiriku hakuhama. Alikitaka kitabu, akatia mkono kwenye pengo kupapasa kama kimeangukia nyuma, mkono ukazama hadi begani ingawa ukuta ulikuwa karibu, na alipouchomoa midomo yake ilicheza lakini sauti haikutoka.

Haikutoka jioni ile wala kesho yake. Zahanati ya chuo ikampa dawa ya koo. Chiriku, aliyekuwa akiongea hata usingizini, alikaa kitandani akimtazama Wakili kama anayeomba kitu, na Wakili akaona woga, akaona na haya, na haya ndiyo iliyouma zaidi. Akaenda kumwambia mkutubi yote.

Mama Kimya hakumkemea. Alitazama kwanza upande wa rafu, akanong'ona.

"Hawa wenzetu wasioonekana hawavunji mlango, mwanangu. Wanaingia palipoachwa wazi."

"Sasa nifanye nini?"

"Kirudishe. Mimi kule siendi, usinilaumu. Uliyefungua ndiye ufunge."

Wakasubiri wasomaji waishe. Wakili alikifukua kitabu kwa kuku, akapanda nacho ngazi, na kadiri alivyoikaribia rafu ndivyo harufu ya udongo ilivyomjaa kooni, na taa za juu zikawa zinafifia kila alipopita chini yake, na pumzi ile iliyokuwa ya mtu aliyelala ikawa ya mtu aliyeamka, Wakili akiisikia mbele yake, kisha sikioni, kisha ndani ya kifua chake mwenyewe ikipishana na yake, hata alipokiinua kitabu na kukisukuma kwenye pengo kikaingia nusu, kikagota, na kitu kutoka upande wa pili kikakisukuma nje, polepole, bila hasira.

"Nimeshapazoea," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya Chiriku.

"Toka," Wakili alinong'ona. "Tafadhali."

"Nikitoka nitakaa wapi? Utanipa mahali?"

Somo la kwanza kabisa la mikataba lilikuwa hili: usiahidi usichokiwekea mpaka. Wakili alilipata kwa alama za juu. Lakini wakati ule alichotaka duniani ni kutoka pale na sauti ya mwenzake.

"Nitakupa. Popote pangu palipo wazi. Mwachie tu mwenzangu sauti yake."

Kitabu kikaacha kusukumwa.

"Nimekubali."

Kitabu kikateleza ndani kama kimetiwa mafuta. Taa zikawaka vizuri. Harufu ikakatika.

Chumbani alimkuta Chiriku analalamika: koo linawasha, chai imepoa, na nani kachukua mto wake. Wakili alimkumbatia akalia, akamweleza alichofanya, akamwambia nafasi ya mashindano aichukue yeye. Chiriku alimtukana kwa kirefu, kisha akamsogezea chai. Wakili alisikia mwili wote umekuwa mwepesi, na mtu wa kwanza aliyemkumbuka ni mama yake.

Cherehani ilikuwa inanguruma simu ilipopokelewa. Ikanyamaza.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama. Wakili."

Mama alishusha sauti, kama mtu anayezungumza mbele ya mgonjwa.

"Usinitanie, dada, sijui namba yangu umeitoa wapi. Wakili wangu kafika sasa hivi. Yuko hapa kitini kwake. Ananuka udongo tu, sijui kapita njia gani."

"Mama, inuka. Toka humo ndani, mama, nakuomba."

Kule upande wa pili kiti kililia, na pumzi nzito ikasogea karibu na simu.

"Anasema nikwambie," mama alisema, "kwamba mlikubaliana."