Chumba Ambacho Sikumwonyesha

Jioni ile nilitoka na kopo la rangi kwenda kukoleza maandishi ukutani: NYUMBA INAUZWA. MADALALI MSISUMBUKE. Mvua ilikuwa imeyafifisha, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba hakuna dalali atakayekula jasho langu. Miaka yote hii nauza mapazia sokoni. Mtu anakuja kununua la dirisha moja, anaondoka na ya nyumba nzima. Leo nyumba yangu mwenyewe ndiyo inishinde?

Aliyetaka kuuza hasa ni mume wangu, Baba Chiriku. Chiriku ni binti yetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu alianza kuongea hajatimiza mwaka, na hakunyamaza mpaka homa ilipomnyamazisha, akiwa darasa la kwanza. Tangu tumzike, baba yake alikuwa hapiti mlangoni pa chumba chake bila kushika ukuta. "Mama Chiriku, tuhame," akaniambia. "Hapa nitakufa." Nikakubali kwa shingo upande.

Nilikuwa namalizia herufi ya mwisho nilipohisi kuna mtu nyuma yangu. Sikuwa nimesikia hatua.

"Naweza kuiona?" alinong'ona.

Mwanaume wa makamo, suti safi, mkoba wa turubai begani. Alinuka chokaa mbichi. Alisema analipa taslimu hata kabla sijataja bei, kwa hiyo nikamkaribisha upesi asije akabadili mawazo.

Wanunuzi wengine wote walitazama dari, wakagonga kuta, wakafungua bomba. Huyu alisimama katikati ya jiko, akafumba macho.

"Nani alipika hapa?"

Nikajua nimempata. Nikamimina maneno: jinsi mama mkwe alivyonifundisha kuwasha jiko lile, jinsi nilivyoungua mkono, jinsi tulivyocheka mpaka chakula kikaungua nacho. Alisikiliza. Kisha akavuta pumzi ndefu kwa pua, kama mtu aliyefunuliwa sufuria.

Harufu ya jiko ikakatika. Moshi, vitunguu, mafuta... vyote. Nikadhani ni mafua.

Sebuleni akauliza nani alikaa pale. Nikamwambia. Chumbani kwa mama mkwe akauliza nani alilala pale. Nikamwambia pia, mpaka kile kikohozi cha marehemu kila alipotaka kutusema. Kila nilipomaliza, alivuta pumzi. Na kila tulipotoka, chumba kilibaki kimya nyuma yetu, kimya cha kuziba masikio.

Tukafika mlango wa mwisho. Akaweka kiganja juu yake.

"Na hapa?"

Nikatafuta neno fupi. Mimi, nisiyejua kunyamaza. "Stoo," nikasema.

Akanitazama. Macho yake hayakupepesa.

"Si stoo."

"Kimefungwa. Ufunguo anao mwenzangu."

"Basi hiki nitakifuata," akanong'ona.

Hakuomba apunguziwe hata kidogo. Kesho yake tuliandikishana mbele ya wakili, akatoa fedha yote mezani, nasi tukahamia nyumba ya kupanga. Nilitamba sokoni, nikawaambia wenzangu madalali wanakula bure.

Wiki haikuisha. Tulikuwa tunapanga vyombo, mume wangu akacheka peke yake. "Unakumbuka ulivyoungua mkono, mama akakwambia sasa umekuwa mkwe kamili?"

Nikatazama kovu mkononi mwangu. Sikukumbuka chochote. Nikachukua picha ya mama mkwe. Mwanamke mnene, kitambaa kichwani. Ningekutana naye njiani nisingemsalimu.

Nikatoka mbio kwenda kwa dalali wa mtaa wetu wa zamani, yule yule niliyekuwa nikimsema kila siku. Alinisikiliza bila kunicheka.

"Shemeji, sisi tukionyesha nyumba tunasema chumba, dirisha, bafu. Basi. Nani alilala wapi, hatusemi. Aliyenifundisha kazi alinikataza, nami sikumuuliza sababu." Akashusha sauti. "Ulimwambia vyumba vyote?"

"Kimebaki kimoja."

"Basi kaa nacho. Usimwambie. Na mwenzako asimwambie."

"Yule ni nani?"

Alianza kufunga ofisi, na jua lilikuwa bado halijazama.

Njia nzima nililirudia jina la mwanangu. Chiriku. Chiriku... Jino lake la kwanza kung'oka, alilolificha kwenye kiatu cha baba yake. Wimbo aliokuwa akiwaimbia kuku ili watage. Vyote vilikuwepo, nikamshukuru Mungu. Mume wangu sikuwa nimemwambia lolote. Niliogopa atasema msiba umenivuruga akili, na sasa niliona jinsi nilivyokuwa mjinga.

Nilikuwa bado kibarazani nilipoisikia ile harufu.

Chokaa mbichi.

Mume wangu alikuwa amekaa na mgeni, anafuta machozi, anaongea taratibu. Tangu mazishi sikuwahi kumsikia akiongea kwa urefu namna ile.

"...wala hakuwa akiogopa giza," alikuwa akisema. "Mimi ndiye niliyemwachia taa. Nilikuwa namwambia ni kwa ajili yake, kumbe nataka tu kumwona akilala..."

"Baba, nyamaza," nikasema. "Nakuomba, nyamaza."

Mgeni akavuta pumzi.

Ndefu.

Kisha akainuka. Alipokuwa ananipita mlangoni, akaninong'oneza bila kunitazama: "Nusu yake unayo wewe. Sina haraka."

Nilikuwa namtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa umetulia, mikunjo ya paji imelegea, uso niliokuwa nimemwomba Mungu amrudishie. Alikuwa ameshaanza kupiga mluzi, anatafuta nyundo apigilie msumari wa pazia. Kwa muda mfupi nilimwonea wivu, na naona haya kulisema hilo.

"Baba Chiriku," nikamwita.

Akageuka kutazama nyuma yake, aone ninamwita nani.