Ngoma Isilale Chini ya Mzigo

Fundi seremala alikuwa amepiga goti juu ya begi kubwa, akihangaika na zipu. Kesho yeye na mkewe wangekwenda kwenye tamasha la muziki. Ni siku tatu uwanjani, watu wakilala kwenye mahema. Fundi alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya mtaani, na ngoma yenyewe aliachiwa na marehemu baba yake.

Mwaka jana mvua iliingia hemani. Ngozi ikalegea, na jukwaani ngoma ikalia kama mto wa kulalia. Watu walicheka. Kiongozi wa bendi akamwambia, "Ikiharibika tena, atapiga mwingine." Maneno hayo yalimchoma rohoni.

"Ngoma iko wapi?" mkewe aliuliza.

"Chini kabisa, mkono wa mwizi usikofika. Na hema nitalifunga kwa kufuli hili."

Kufuli lenyewe lingetosha kufunga ghala. Mke akaona amwite jirani kabla zipu haijakatika.

Jirani alikuwa mpakiaji wa mizigo stendi ya mabasi. Watu walimwita Kamba. Alilitazama begi, akacheka.

"Shemeji, huyu mumeo anahama? Haya fundi, mwaga vyote."

Fundi alimwaga, amenuna.

"Ngoma ibebe peke yake," Kamba alisema. "Ifunike blanketi, kisha turubai. Mvua ikikatika, vua turubai, ngozi ipumue. Nguo zifunge kwenye mifuko ya plastiki. Vizito vikae chini. Koti la mvua na tochi viwe juu, maana mvua haisubiri upekue. Andika jina na namba ya simu nje ya begi, na ndani pia."

"Na kufuli?"

"Kufuli kwenye hema ni tangazo. Unamwambia mwizi, mali iko hapa. Hema ni kitambaa, ndugu yangu, wembe mmoja unatosha. Simu na pesa tembeeni nazo. Ngoma ipelekeni stoo ya tamasha yenye mlinzi. Tena msipige hema bondeni. Maji yana njia zake."

Hakuna apendaye kufundishwa kufunga begi lake mwenyewe. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu la fundi lilikwisha vunjika mwaka jana. Akatii.

Uwanjani, fundi alikitamani kibonde kilichokuwa karibu na jukwaa. Mkewe alimwangalia tu. Wakapiga hema mlimani, na ngoma wakaipeleka stoo.

Siku ya pili, mchana, mvua ilimwagika. Kule bondeni viatu vilielea. Hema moja lilikuwa limechanwa ubavuni na mali imeibwa. Mlangoni kufuli lilining'inia, limefungwa vizuri.

Fundi alilitazama kufuli lile. "Kufuli letu liko wapi?"

"Nyumbani," mkewe alisema. "Linalinda kuku."

Jioni mvua ilikatika, bendi ikapanda jukwaani. Kiongozi aliimba akiwa na koti la kuazima, kwa sababu nguo zake zote zililowa. Fundi alipiga pigo la kwanza. Sauti ilitoka nzito na safi, ileile aliyoisikia utotoni baba yake akipiga. Machozi ya furaha yakamlengalenga. Watu walicheza mpaka tope likawafika magotini.

Waliposhuka, kiongozi alimshika mkono. "Mpiga ngoma wetu ni wewe, hakuna mwingine. Lakini ulifanyaje hata isilowe?"

Fundi alipiga goti kando ya begi la kiongozi, lililokuwa likichuruzika maji.

"Haya," alisema, "kwanza mwaga vyote."