Pombe ya Edmond na Kura ya Damien

Mvua ya mchana ilikuwa imekatika. Françoise alikuwa anamenya muhogo mlangoni, na mume wake Damien alikuwa anashona wavu wake wa kuwindia. Kwao ni kijiji kidogo cha msituni, upande wa Itebero. Maharagwe walikuwa nayo, nyama haikukosekana, na kusema kweli walikuwa watu wenye raha zao.

Shida yao ilikuwa moja tu, mto. Haukuwa na daraja. Maji yakijaa, mtumbwi hauvuki, na zahanati iko ng'ambo. Mwaka uliopita jirani yao mmoja alijifungulia ukingoni, kwenye matope, akingoja maji yapungue. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Sasa Françoise naye alikuwa na mimba changa, na alikuwa anaogopa.

Mwaka huo wa 1965 uchaguzi wa viti vya baraza ulikuwa umekaribia. Chama kikubwa kilikuwa kinapita na magari. Chama kidogo, ambacho watu walikiita Kikapu kwa sababu ya picha yake, kilikuwa na Émile, muuza chumvi, aliyetembea kwa miguu kutoka Buleusa. Lakini Émile njo peke yake aliyetaja daraja.

Damien alimpenda Émile. Ila alikuwa amekwisha kujifunga, au ndivyo alivyodhani. Edmond, baba yake mdogo, alikuwa mtu wa chama kikubwa. Siku moja alileta nyungu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Wanaume wakaizunguka, kila mmoja na mrija wake, na Damien akiwemo. Na kwao, mkinywa kwenye nyungu moja, neno limefungwa. Posa inamalizwa hivyo. Ugomvi wa shamba unamalizwa hivyo. Anayegeuka baadaye anaitwa mtu wa ndimi mbili, na jina hilo halitoki upesi.

Françoise aliposikia, alinuna. Wakati ule wanawake walikuwa hawajapewa haki ya kupiga kura. Nyumba yao ilikuwa na kura moja tu, nayo ilikuwa imenywewa kwa mrija!

"Mimi siko na kura," akamwambia. "Niko na tumbo. Mwenye kura ni wewe."

Damien akajitetea. Alisema hata akichagua Kikapu, kitashindwa tu. Chama kikubwa kitabeba viti vyote, na kura yake itaoza bure kama muhogo uliosahauliwa majini.

Françoise hakubishana. Alifunga kitenge chake akaenda kumwita jirani yao Hilaire, mwalimu wa shule ya msingi. Hilaire alikuwa amefundishwa kule Walikale kazi ya kusimamia kura. Akaja, akakaribishwa, akala kwanza, maana hakuwa mtu wa kuanza maneno na njaa. Ndipo akageukia ule wavu.

"Papa Damien, siku ya kuwinda unaleta nyavu ngapi?"

"Moja."

"Na Papa Edmond?"

"Mingi. Yeye iko na watoto wengi."

"Basi nyama ikikatwa, Edmond anabeba yote?"

Damien akacheka. Toka lini? Mwenye nyavu nyingi anapata mapande makubwa, na mwenye wavu mmoja anapata pande lake. Kumrudisha muntu nyumbani mikono mitupu ni aibu ya kijiji kizima.

"Viti njo vinagawanywa vile," Hilaire akasema. "Chama chenye kura nyingi kinapata viti vingi. Chenye kura kidogo kinapata kidogo. Sitakudanganya, Kikapu hakitapita chama kikubwa. Lakini watu wake wote wakienda, kinaweza kupata kiti kimoja. Wakikaa nyumbani kwa kukata tamaa, hakuna hata kimoja. Na aliye ndani ya baraza, hata akiwa peke yake, anasema na anasikiwa."

Hilo Damien alilielewa. Uzito wake ulikuwa mahali pengine. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na pombe ya baba mudogo?"

Hilaire akamuuliza kama Edmond alitaja kura mbele ya nyungu, na kama yeye alijibu. Hapana. Edmond alikaribisha tu, watu wakanywa. Basi, akasema mwalimu, kinywaji kinafunga neno lililosemwa wazi mbele ya watu, na pale hapakuwa na neno. Tena sheria inakataza kununua kura ya muntu, kwa pombe ao kwa feza. Akamweleza jinsi mpiga kura anavyoingia nyuma ya pazia peke yake, anavyotia alama kwenye picha anayoitaka, anavyokunja karatasi na kuitia sandukuni. Hata chifu haingii pale.

"Umushukuru Papa Edmond kwa pombe yake," akamalizia. "Kura haiko yake."

Siku ilipofika, Damien aliingia nyuma ya pazia peke yake. Akatia alama kwenye kikapu. Alipotoka, alijisikia mwepesi, akamsalimu Edmond kwa heshima kama kawaida.

Chama kikubwa kilishinda, kama ilivyotazamiwa. Kikapu kilipata kiti kimoja, akakikalia Émile. Edmond akauliza wanywaji wenzake, nusu kwa mzaha, ni nani kati yao aliyemwacha. Wanaume wakaanza kuzungumzia mvua. Hakuna aliyelazimika kujibu.

Kwenye baraza wale wa chama kikubwa waligombana wenyewe kwa wenyewe, wakahitaji sauti ya Émile. Yeye, ili awaunge mkono, akataka daraja. Serikali ikaleta nyaya na misumari, wanakijiji wakakata miti, na Edmond mwenyewe alibeba gogo begani akiimba.

Uchungu ulimshika Françoise siku ya mvua kubwa. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye nyasi. Alivuka daraja kwa miguu yake, akajifungua mtoto wa kike mikononi mwa mkunga, wote wazima.

Damien akampakata mtoto, akaanza kujisifu kwamba kura yake haikuoza.

"Kura yako?" Françoise akamwambia, akicheka kwa uchovu. "Ile ilikuwa yetu wawili. Wewe uliibeba tu."

Damien akamtazama mke wake, kisha binti yake, akakubali.