Kwa Nini Fidele Hasalimii

Asubuhi ile nilikuwa uani kwetu Kibondo, nachambua maharage na kaka yangu Fidele. Maharage ya kahawia, mawe nayo ya kahawia. Fidele aliinamia ungo mpaka pua ikakaribia kugusa. Bado mawe yalimpita.

"Wewe, tutavunjika meno," nikamwambia.

"Meno yako ya mbuzi hayo, hayavunjiki," akajibu. Tukacheka.

Fidele ana ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia. Zamani alikuwa anasikia sauti za watu ambao hawapo. Sasa anameza dawa kila siku, na sauti zimepungua. Alikuwa na kazi Kasulu, kwenye duka la nafaka la dada yetu mkubwa, Rosa. Aliipenda kweli.

Lakini Rosa alimrudisha nyumbani. Siku moja pale sokoni, Fidele alikutana uso kwa uso na mama mkwe wa Rosa, akampita bila kumsalimia. Kwetu sisi Waha, hilo ni tusi. Mdogo ndiye anaanza. Anapiga makofi taratibu, anasema, "Mwakeye." Mkubwa anasubiri. Yule mama alisubiri, Fidele akapita.

Basi, nikaingia jikoni kuangalia moto. Baba akatokea kwenye migomba, amevaa koti lake la kijani. Akasimama kimya. Fidele aliinua macho, akatazama kule kule, akainama tena.

"Hata mimi baba yako?" Baba akafoka. "Hizo dawa zimekufanya jeuri! Kuanzia leo unaziacha."

Fidele akasimama. "Baba, sijakuona. Nimeona migomba tu."

"Una macho mawili!"

"Ninayo. Lakini dawa siachi. Nataka nirudi kazini Kasulu."

Mimi kuongea mbele ya watu ni shida. Hata darasani kidole nanyoosha nusu. Lakini nilijua akiacha dawa, zile sauti zitarudi. Nikatoka jikoni.

"Baba, twende kwanza kwa nesi Zaitun."

"Wewe nawe leo una mdomo?"

"Ninao, Baba."

Tukaenda wote watatu. Nesi Zaitun ndiye anayempa Fidele dawa kituo cha afya. Akampima macho kwa zile herufi za ukutani. Fidele akasoma mpaka mstari wa chini.

"Umeona?" Baba akasema. "Ni jeuri tu."

"Hapana, mzee wangu. Macho yanachukua picha, ubongo ndio unaisoma. Watafiti wamewapima watu wenye ugonjwa huu. Baadhi yao, sio wote, ubongo unapata shida kutenganisha vitu vya rangi moja, au kumtoa mtu mmoja kwenye kundi. Wengine hawajui kama uso umekasirika au unacheka. Bado wanachunguza sababu."

"Si ndio dawa hizo?"

"Shida hii imeonekana hata kwa watu ambao hawajaanza dawa. Asiache. Akiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Ukiwa na wasiwasi, njoo tuongee na daktari."

Baba akashusha pumzi. "Sasa tufanyeje?"

"Maharage wekeni kwenye sahani nyeupe, kidogo kidogo, penye mwanga. Na mkikutana naye, msisimame kimya. Anza wewe. Taja jina."

"Mimi nianze? Nimwamkie mtoto niliyemzaa?"

"Makofi yanasikika, mzee."

Fidele akatabasamu. "Baba, nitakuitikia kwa heshima zote."

 Baba akatangulia njia ya kurudi nyumbani.

Kesho yake akatokea tena kwenye migomba. Akasimama. Akakohoa. Halafu akapiga makofi, taratibu, kama mtu anayejifunza.

"Mwakeye, Fidele. Ni mimi baba yako."

Fidele akainuka haraka, akapiga makofi, akainama. "Mwakeye, Baba!" Baba akageukia migomba, akajifuta uso kwa koti.

Siku hizi majirani nao wanaanza wao. Maharage yetu hayana mawe.

Jioni hii nimechukua simu ya mama. Nimemwandikia Rosa: "Dada, Fidele hakumdharau mama mkwe wako. Hakumtambua. Nesi ametueleza, na Baba mwenyewe sasa anaanza kumsalimia. Mrudishe kazini, mpe sahani nyeupe ya kuchambulia. Akija, ukimwona stendi, usisubiri. Anza wewe."

Tiki zimekuwa za bluu, ameshausoma ujumbe. Rosa hajajibu. Fidele ameshapanga nguo zake kwenye begi.